Kuku wa Pili

Kaka Seifu,

Nakusalimu, ingawa sina wa kumtuma huko uliko. Naandika kwa kalamu ya baba, kwa herufi alizotufundisha chuoni. Nikimaliza nitaizika karatasi hii pembeni mwa shamba lako, maana kaburi lako silijui. Waliorudi kutoka vilima vya Umatumbi walisema tu kwamba ulikuwa mbele, kibuyu cha dawa shingoni, ukaanguka kwa risasi za mwanzo.

Habari za huku ni hizi. Askari wa Wadachi walipita wakachoma ghala zote. Pamba waliyotulazimisha kulima imeozea shambani. Tunakula mizizi ya ming'oko, na ya karibu imekwisha, sasa tunaifuata mbali porini. Mkeo yuko kwao Mbwara, mzima. Shangazi amefariki kwa njaa.

Nakukumbuka zaidi ule msimu mto ulipopungua, watu wakasema mpunga uliolowekwa huota upesi kuliko mkavu. Ukasema hiyo ni dhana, na dhana si kosa, ila haijaona kitu bado. Ukakata majaruba mawili. Tope moja, siku moja, mkono mmoja wa kupanda. Tubadilishe kitu kimoja tu, uliniambia. Huku mbegu zilizolowekwa, kule kavu, na lile la mbegu kavu ukaliita jirani. "Jaribio lisilo na jirani ni porojo," ulikuwa ukisema, umekunja uso kama kadhi, nami nacheka. Zilizolowekwa zikatangulia kuota. Watu wakafurahi, wewe ukasema bado hujui, kwa kuwa jaruba lile lilikuwa karibu zaidi na maji. Mwaka uliofuata ukayabadilisha pande, zikatangulia tena. Hapo ndipo ulipokubali.

Kisha ikaja habari ya maji ya dawa, kwamba aliyenyunyiziwa, risasi haimpati. Hiyo nayo ilikuwa dhana. Ukasema tuijaribu, nami nikafurahi, nikaona huyu ndiye kaka yangu. Kuku wawili wakaletwa uani. Mmoja ukamnyunyizia, ukamfunga kwenye mti, na mjomba Kondo akalenga kwa gobore lake, hatua thelathini. Moshi ulipotawanyika kuku alikuwa anadonoa. Vigelegele vikapigwa, watu wakakubeba juu juu, na siku ya pili mkaondoka kwenda vitani.

Kuku wa pili alikuwa kwenye tenga, na mimi ndiye niliyelikalia. Wewe, uliyeukatalia mpunga mwaka mzima, maji uliyakubali kwa mchana mmoja. Sikulaumu. Mgongo wako ulikuwa na vidonda vya kiboko cha shamba la pamba, ulikuwa unalala kifudifudi. Lakini mimi mgongo wangu ulikuwa mzima, na nilikumbuka. Neno lilifika mdomoni: kaka, jirani yuko wapi? Nikalimeza, kwa sababu nilitaka iwe kweli. Naumia kwa hilo, kaka, kuliko kwa njaa.

Habari ya kifo chako ilipofika nilimwomba mjomba alenge tena. Gobore lile lile, mti ule ule, hatua thelathini, baruti iliyobaki. Nilimfunga yule kuku wa pili, asiyeguswa na tone la dawa. Mjomba akapiga mara tatu. Kuku akabaki anadonoa. Tulipoliangalia gobore tukaona mtutu umepinda, kidogo tu. Mjomba alikaa chini hadi alasiri, kisha akaenda kulitupa mtoni.

Sasa mto umeanza kupungua tena. Nina mbegu zako vibaba viwili, nilizifukia kabla ya askari kufika. Kila siku natamani kuzitwanga, ila sijazigusa. Nitakata majaruba mawili, na nitamwita binti yako aje aone jirani ni lipi na kwa nini lipo. Na mtu yeyote akiniletea habari njema iliyojaribiwa mara moja, hata kama ua wote unapiga vigelegele, nitauliza. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Lala salama, kaka, Mungu akurehemu. Kuku wa kwanza tulimla njaa ilipoanza. Wa pili bado yupo, amekonda, nimemfunga mlangoni hapa ninapoandika. Kila mtu ananiambia nimchinje. Siwezi.

Mdogo wako,
Mwanahawa