Komeo la Nje

Nachingwea, Jumapili, 19 Aprili 2009. Mwezi wa nne tangu nitoke nyumbani Kasulu.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na suruali yangu bado imelowa. Nimekuja mjini kwa pikipiki, nimekaa kwenye duka la intaneti, naandika kwa vidole viwili. Dada wa hapa, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa blogu, ameniuliza kama nimefiwa. Nimemwambia hapana. Halafu nikafikiri labda nimemdanganya.

Kwa asiyenijua, mimi ni kibarua wa ujenzi. Shule niliishia darasa la tano. Fundi Rashidi alinichukua Dar akanileta huku, upande wa Ruangwa, kukarabati kiwanda cha mkonge cha enzi za mkoloni. Mashine zilikufa zamani, mabati yameliwa na kutu, miti imeota mpaka ndani. Alhamisi watu wa serikali, wa idara ya mambo ya kale, wanakuja kukikagua. Wakiridhika kitaandikishwa kuwa urithi wa taifa, kitawekewa uzio na vibao, na watoto wa shule watakuwa wanaletwa kukiona.

Nilikuwa nafurahia kazi hii. Nyumba nyingi nilizojenga sijui hata kama bado zimesimama.

Nyuma ya kiwanda kuna chumba kirefu cha mawe. Hakina madirisha. Kina matundu madogo juu kabisa karibu na paa, na tundu moja chini, usawa wa ardhi, ukubwa wake kama mdomo wa kikombe. Fundi alisema hapo ndipo walipokuwa wanalala wafanyakazi. Na mimi ndimo ninamolala, kwa sababu natoka mbali na sina ndugu huku.

Wenzangu ni wa Mbekenyera. Jioni wanapanda baiskeli wanarudi kwao, hata kama barabara imegeuka tope tupu. Nafasi ndani ya chumba ipo tele, nimewakaribisha mara nyingi, hawataki. Nilidhani wananibagua. Bakari, ambaye ndiye rafiki yangu pale, alikuwa anafanya utani tu.

"Mtu wa Kigoma, mwisho wa reli, haogopi majini," anawaambia wenzake. "Majini ndiyo yanahama yakimwona."

Tunacheka, wao wanaondoka, mimi naingia kulala.

Kitu kimoja tu nilikuwa sikielewi. Komeo la mlango wa chumba kile liko nje. Ni chuma kizito, kinahitaji mikono miwili. Kwa ndani hakuna kitu, hata ndoano. Nikamcheka fundi wa zamani, nikasema huyu alikuwa amelewa, amefunga komeo kinyumenyume. Kila siku nikitaka kulala naegemeza gogo mlangoni ili mtu asiniingilie.

Miezi yote hii sikujiuliza zaidi ya hapo. Hilo ndilo linalonitisha mimi mwenyewe.

Juzi Ijumaa Fundi Rashidi akanipa kazi ya kumalizia: nihamishie komeo ndani, nizibe lile tundu la chini kwa saruji, nipake chokaa, kisha nitundike kibao. Kibao kilikuwa tayari kimeandikwa kwa herufi nzuri za bluu: BWENI LA WAFANYAKAZI.

Jana asubuhi nilikuwa nalegeza boliti ya kwanza ya komeo Bakari alipofika, amempakia bibi yake nyuma ya baiskeli. Bibi Fatu ni mzee sana, Mmwera, Kiswahili anakisema polepole kama mtu anayechagua maharage. Alikuwa amesikia serikali inakuja kuandikisha kiwanda, akamwambia mjukuu wake ampeleke akaone kinaandikishwa kitu gani.

Nikamwamkia. Akaitikia. Akanitazama mimi, akautazama mlango, akagoma kukanyaga kizingiti.

"Wewe ndiye unalala humu, baba?"

"Ndiyo, bibi."

"Nani anakufungia?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akazunguka ukuta kwa nje, mkono mmoja ukipapasa mawe, mpaka kwenye lile tundu la chini. Nilikuwa nimelisokomeza gunia kwa ajili ya baridi na panya. Akapiga magoti kwenye matope, akalivuta gunia akalitupa.

Nitaandika alivyosema, kadiri ninavyokumbuka. Pale Kiswahili kilipompotea, Bakari alinitafsiria.

Alisema ilikuwa wakati wa vita ya Wazungu, ile ya pili. Mkonge ulitakiwa na watu wa kuukata hawakutosha, basi wanaume wakawa wanakamatwa. Kaka yake alikamatwa njiani akitoka shamba, jembe begani. Mchana wanakata mkonge, jioni wanaingizwa humu, chuma kinasukumwa kwa nje. Mama yake alikuwa akileta muhogo wa kuchemsha kwa siri, ila mkono wake haukupita kwenye tundu. Mkono uliopita ulikuwa wa Bibi Fatu, maana alikuwa bado msichana mdogo.

"Naingiza muhogo, unachukuliwa," alisema. "Giza. Sijui kama ni kaka au mwingine. Wengine hawachukui muhogo. Wananishika mkono tu. Wananishika, halafu wanauachia."

Nikamuuliza hao wengine walikuwa akina nani.

"Watu wa mbali. Waliletwa, wakapewa namba. Majina yao hatukuyajua. Hao ndio manamba. Sisi tulikuwa na wa kutuletea muhogo. Wao hawakuwa na mtu."

Spana ilinidondoka.

Niseme kwa nini. Kwetu neno hilo ni tusi. Kwetu manamba ni mwanaume aliyekimbia watoto wake akaenda kula raha mashambani, akasahau kurudi. Babu yangu mzaa baba alikwenda manamba na hakurudi. Baba alikuwa hataki jina lake litajwe ndani ya nyumba. Kwenye ukoo wetu wote hakuna mtoto aliyepewa jina hilo. Baba mdogo alikuwa akilewa anatuambia, "Mzee wenu alipenda mkonge kuliko nyinyi," na sisi watoto tunacheka.

Tulikuwa tunacheka.

Sijui kama babu aliletwa hapa. Mashamba ya mkonge yalikuwa mengi, na sitaki kujidanganya. Ila mahali fulani palikuwa na mlango kama huu, na kila ninapofumba macho naona mtu ameshika mkono wa mtoto asiyemjua.

Nilimuuliza Bakari kwa nini hakuniambia, wakati nalala humo kila siku. Akaangalia chini. "Tulidhani unajua, kaka. Tukasema huyu ana moyo mgumu."

Mchana nilimfuata Fundi Rashidi. Nikamwambia komeo nimelirudishia boliti yake, silihamishi, na tundu siliweki saruji. Nikamwambia na kibao kile ni uongo, watu walifungiwa mle ndani.

Hakukasirika mara moja. Alinieleza kama mtu mzima anavyomweleza mtoto. Wageni hawapendi habari za kusikitisha, kiwanda kikionekana kibaya hakitaandikishwa, kisipoandikishwa kazi imekwisha na vijana wa Mbekenyera watakaa bure. Nikamwambia kama ni cha kuandikishwa, kiandikishwe kilivyokuwa. Hapo ndipo alipopandisha sauti.

"Nimekuleta kufunga bawaba, Muha wewe! Historia umesomea wapi?"

Kweli sikusoma. Lakini nilibaki nimesimama. Akaniambia nifikirie mpaka Jumatano. Mlango usipobadilika, atamleta mtu mwingine abadilishe na mimi nifungashe.

Naogopa. Sijawahi kumkatalia bosi kitu. Nina watoto watatu wanaonitegemea, na Fundi Rashidi hakunitendea ubaya wowote kabla ya jana.

Jana nililala kwenye banda la mashine, katikati ya vyuma vinavyovuja. Chumbani nimeshindwa kurudi. Nimetoa godoro langu, nimetoa na gogo.

Leo kabla ya kuja mjini nimekubaliana na Bakari. Jumatano nitakaa pale mlangoni kutwa, na anayetaka kulegeza boliti itabidi aniondoe kwanza. Alhamisi Bakari atamleta bibi yake, wageni wamkute ameketi pembeni mwa lile tundu. Tutamwacha aseme mwenyewe. Bakari anaogopa kama mimi. Alichoniuliza ni kimoja, "Bibi akianza kulia?" Nikamwambia wageni wasubiri mpaka amalize.

Wakiandika bweni baada ya kumsikia, basi wataandika wakiwa wanamtazama usoni.

Nikifukuzwa, Ijumaa napanda basi la Dar, nyumbani mnitarajie wiki itakayofuata kama treni ipo. Nisipofukuzwa narudi mwezi wa saba, kazi ikiisha. Moja kati ya hizo mbili. Nimeandika hapa ili mtu ajue.