Kitabu Hakikupotea, Mama

Mama,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Kile kitabu hakikupotea. Nilikificha mimi, chini ya godoro langu. Uliponiuliza pale hospitalini nilikutazama usoni nikasema, "Sijui, labda kilichanganyika na nguo."

Ni kile cha Krismasi ulichonunua Mbale, hadithi ya mapenzi ya yule dada aliyeapa kutonunua kitu kipya hata kimoja. Mapambo alishona kwa vitambaa vya zamani, gauni la sherehe alitoa kwenye mitumba, kisha akampenda fundi wa viti vibovu. Tulikisoma jioni huku ukikagua mifuko ya nguo zako za kuuza. Mimi nilisoma Kiingereza, wewe ukatoa maoni kwa Kiswahili chako cha Busia. "Huyu kijana hana shati la maana. Aje Mbale nimchagulie." Nilicheka mpaka nikapoteza mstari.

Siku moja, ukiwa safarini, kurasa mbili za mwanzo zilizokuwa zimegandana ziliachana. Ndani kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya bluu, kwa Kiingereza: Kwa Rose, Krismasi hii na zote zijazo. Wako, P.

Wewe ni Rose. Baba ni Wilson.

Kuanzia hapo nilikuchunguza. Kila Alhamisi ulienda Mbale kuchukua mzigo, na kila Alhamisi ulirudi unanukia udi. Udi, Mama, na sisi ni watu wa kanisani. Simu nyingine ulipokelea uani. Nikaandika nyuma ya daftari wanaume wote wenye P: Pius wa duka la jumla, Pasita Paulo, hata mwalimu wetu wa Kemia, Bwana Peter, kwa sababu aliwahi kununua koti kwako na ukampunguzia bei. Nikaanza kukujibu neno moja moja. Ulisema, "Huyu mtoto amekua, siku hizi ana siri." Nami nikawaza, siri ni ya nani?

Kisha ukaugua, siku nne tu. Ulitaka nije nikusomee sehemu iliyobaki. Baba alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, na niliogopa angekishika kitabu akakifungua. Ndiyo maana nilidanganya. Lakini kwa kweli nilitaka pia uumie kidogo. Sikujua kwamba...

Sikujua.

Mahali pako pa kuuzia pale Nalufenya sasa mama mwingine anauza viatu. Baba anapika, ugali wake una mabonge, tunakula hivyo hivyo. Lakini hili ndilo linalonitesa: ulimwambia akutafutie kile kitabu, naye hajaacha. Kila anaposimamisha lori lake, Malaba, Tororo, Mbale, anaingia kwa wauza vitabu vya mitumba. Jina lake halijui. Anaulizia "kitabu cha Krismasi cha mwanamke asiyenunua vitu vipya." Wanamcheka, "Dereva, uzee huu unatafuta mapenzi?" Ameleta vitatu. Kila kimoja anakiweka mezani na kuniuliza, "Ndicho?" Nami nasema sicho.

Jana alikuwa na mzigo wa kupeleka Mbale, nikamwomba anichukue, anishushe kwa rafiki yako Mama Zaituni, yule Mnubi anayeuza vitabu na sweta za mitumba. Hata kabla hajaongea niliona chetezo chini ya meza yake, kinafuka udi. Nilimpa kitabu kikiwa wazi, nikamkazia macho ili nione atakavyoshtuka.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama yako alikinunua kwa ajili ya jina! Alisema, Zaituni, tazama, Mzungu amenitumia zawadi."

Sikuamini. Rafiki humfichia rafiki. Nikamwomba vitabu vilivyobaki vya gunia alimotoa chetu.

"Tafuta, afande wa upelelezi," akaniburutia gunia.

Karibu na chini nilikuta kitabu cha mapishi. Wino ule ule, mkono ule ule: Kwa Rose, pole kwa mguu. P.

Mama, wewe hukuwahi kuumia mguu.

Mama Zaituni alivuta ukosi wa sweta yangu ya shule, nayo ya mitumba. "Na wewe hapa umeandikwa nani?" Oliver. Kile kitambaa cha jina ulichokataa kukitoa ukisema utaharibu ushonaji mzuri. Shuleni Mpumudde wananiita Oliver tangu kidato cha kwanza, na hakuna siku niliyojiuliza Oliver ni nani. Lakini jina lako nililiona kwenye karatasi nikakuhukumu.

Nisamehe. Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi kwamba nikimshuku mtu tena, nitamuuliza yeye mwenyewe, akiwa bado anaweza kunijibu.

Leo jioni Baba aliingia na kitabu cha nne. Kabla hajauliza, nilienda chumbani nikaleta chetu, nikakiweka kando ya chake. Nikamweleza yote, mwandiko, orodha ya wanaume, uongo wa hospitalini. Alikifungua akasoma ule mstari, akakifunga. Akaniuliza kama ulijua kwamba ninacho. Nikasema hapana. Alichukua funguo akatoka. Niliosha vyombo, nikafunika chakula chake, kisha nikatoka nje. Alikuwa amekaa kwenye lori, injini imezimwa. Niligonga mlango wa upande wa pili, akaufungua, nikapanda nikakaa naye.