Nilipeleka Bia Yangu Hasenwinkl, Nikasema ni Mkate

Shangazi Afra mpendwa, nisaidie, lakini kama utanicheka subiri kwanza ufike mwisho, maana kicheko nimeshapata cha kutosha, bustani nzima ilinicheka Jumapili iliyopita na mpaka leo masikio yanawaka.

Mimi ni Quirin, fundi pikipiki, miaka ishirini, shule tuliachana kwa amani, yaani mimi niliichoka na yenyewe ilinichoka, lakini kwa mikono hunipati, injini naisikiliza tu nakwambia inaumwa wapi, na gereji ya babu nimeigeuza kiwanda changu cha bia, tena bia ambayo hata jirani yetu anayelalamikia kila kitu huja kuiomba kwa sauti ya chini. Sasa mimi nampenda Burgi, na Burgi ananipenda, shida ni baba yake, Mzee Korbinian, mtu wa masharubu mengi na maneno machache, ambaye kwa mara ya kwanza alimwambia binti yake, "Mlete huyo kijana wako Hasenwinkl Jumapili, tumwone anavyokula."

Hasenwinkl unaijua, ile hoteli ya mapumziko ya ziwani, na utaratibu wa bustani yake unaujua kama ninavyoujua mimi tangu nanyonya: meza yenye kitambaa unahudumiwa, meza tupu unakuja na kikapu chako, chakula chako, visu vyako, hata maua ukitaka, ila kinywaji unanunua pale dirishani. Basi nikafungasha kikapu cha kutia watu wivu, jibini, soseji, mikate ya kusokota, figili niliyoikata mwenyewe duara kwa duara bila kukatika, na chini kabisa, nimezifunika kwa taulo, chupa zangu za bia, lebo ina sura yangu. Nilitaka mzee aonje tu, ajue binti yake hajaokota takataka.

Tulipofika, mzee akaenda kwenye kisanduku chake akatoa magi yake ya udongo. Hapo ndipo penye moto, Shangazi. Kile kisanduku cha chuma chenye kufuli, pale ukutani, ambacho hoteli huwapa wateja wa miaka mingi watunzie magi zao, alirithi kwa baba yake, kuna watu wanasubiri kama hicho mpaka wanazikwa. Akaweka magi mezani, akageuka kumsalimia mtu, mimi nikamjazia ya kwangu, povu likasimama vizuri kabisa, na kabla mzee hajageuka akatokea Mama Kreszenz, mwenye hoteli.

"Hiyo nini?"

"Mkate, mama."

"Nini?"

"Mkate. Si sote hapa Bavaria tunaiita bia mkate wa kunywa? Mkate ni chakula. Chakula ruksa kuja nacho. Au utaratibu umebadilika nikiwa chooni?"

Meza za jirani zikaanza kugonga magi, wengine wakipiga kelele, "Mwambie, dogo!" na mimi nikishangiliwa huwa sina breki, nikapanda juu ya benchi nikarudia kwa sauti zaidi. Mama Kreszenz akaenda jikoni, akarudi na ubao na kisu, akaviweka mbele yangu.

"Haya, mwokaji. Nikatie slesi mbili, nyembamba."

Wote wananitazama, Shangazi. Mtu mwenye akili zake angeshuka akaomba radhi, lakini mimi nikachukua magi nikamimina juu ya ubao, nikikusudia mzaha tu, na bia ikakimbia mezani moja kwa moja mpaka mapajani kwa Mzee Korbinian, aliyekuwa ameshaketi, kwenye kaptula ya ngozi ya marehemu babu yake, ambayo haijawahi kuonja maji. Bustani ikalipuka kwa kicheko. Mzee hakucheka. Mama Kreszenz akanyoosha mkono akamwambia, "Korbinian, ufunguo wa kisanduku. Mpaka huyu bwana mkate apate adabu." Na mzee akautoa.

Sasa Burgi hapokei simu. Ameniandikia mstari mmoja tu: "Ufunguo wa baba ukirudi, na wewe rudi." Rafiki zangu wanasema nikomae, hoja yangu haina kasoro. Nifanyeje? Na pia niambie ukweli, bia ni mkate au si mkate?

Quirin, bingwa wa bia ya gerejini

*

Quirin mwanangu,

Nimeshindwa kusubiri mwisho. Kwenye zile slesi nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Bia ni mkate, haya, umeshinda. Umepata nini? Yule mama anakupa kivuli, benchi, choo, na mtu wa kufuta makombo yako ukiondoka, wala hakuulizi soseji umenunua wapi. Anakuomba kitu kimoja tu, kiu yako uimalizie kwake. Na ulilijua hilo vizuri, ndiyo maana chupa ulizifunika taulo. Figili mbona hukuificha?

Kutaka mzee aonje kazi ya mikono yako ni jambo zuri, na hapo nakuonea huruma. Lakini gereji unayo. Mwalike huko, umjazie mpaka aimbe.

Sasa sikiliza. Nenda Hasenwinkl siku ya kazi, asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, peke yako, mikono mitupu. Omba radhi kwa sentensi isiyo na "lakini". Nimeshakujua, ifanyie mazoezi njiani. Kisha umwombe Mama Kreszenz akupe kazi Jumapili, kuokota magi na kufuta meza mbele ya hao hao waliokushangilia. Watakutania. Cheka nao, ufute, uende meza inayofuata. Hao rafiki zako wenye hoja waache nyumbani. Kaptula ya mzee usiiguse kabisa, ngozi ile ukiipeleka kwa dobi hata mimi sitakuokoa.

Kwa Burgi usitume maua wala maneno matamu. Ameshasema anachotaka, ufunguo urudi, na hakusema uulete wewe. Usimwombe Mama Kreszenz ufunguo. Mwache aridhike mwenyewe, amkabidhi mzee mkononi, palepale mezani kwake, watu wakiona. Na wewe saa hiyo uwe umesimama kwenye foleni ya dirishani kama binadamu wengine, ukimnunulia mzee bia.

Shangazi Afra