Mtungi Ulioutua Njiani

Mama yangu,

Kabla sijakuuliza hali, kuna sauti moja haijanitoka. Jumapili ile tulipoongea kwa simu ulinitia kwenye mfuko wa aproni ukasema niendelee tu, unatoka bombani. Nikasikia mtungi ukiwekwa chini, kisha pumzi zako. Ukatembea kidogo, ukautua tena. Zamani uliufikisha jikoni bila kupumzika, tena ukiimba. Mgongo unaendeleaje? Usinijibu kwamba mko salama tu, kama kawaida yako.

Mimi ni mzima. Bado nalala Kawangware, na jioni natembea hadi Kibera kufundisha watoto kwao. Mvua ya hapa ikipiga mabati inaziba kila kitu. Kwetu, hata iwe kubwa namna gani, nilikusikia chini yake ukisogeza kuni.

Tangu Jumapili hiyo najua narudi nyumbani. Kilichonisumbua ni lini niwaambie wazazi wa wanafunzi wangu. Rafiki ninayeishi naye, ambaye pia anafundisha tuisheni, alinishauri ninyamaze hadi somo la mwisho, kwa sababu ukisema mapema wanakuachisha kabla hujajipanga. Hakukosea. Mama wa mapacha niliokuwa nawafundisha kule mtaa wa Nyayo Highrise alicheka nilipomwambia. "Unastaafu na hata hujaolewa?" Asubuhi akaniandikia kwamba wamepata mwingine, nisijisumbue kwenda.

Baada ya hapo nilitamani kuwaficha waliobaki. Lakini kuna Atieno, mwanafunzi wangu wa Gatwekera, humo humo Kibera. Mwalimu wake wa kwanza aliondoka bila kusema neno, na mtoto akawa anaketi mlangoni na begi lake kila jioni, akimngoja. Tangu hapo alikataa kusoma kwa sauti. Ni muhula huu tu ameanza, kwa sauti ndogo, kidole kikifuata mstari. Niliogopa nikimwambia atanyamaza tena. Niliogopa zaidi nisipomwambia.

Basi nikamwambia yeye kwanza, kabla ya mama yake. Nilisema nimekuja kuaga mapema, ili tuwe na muda. Akanitazama, akafunga kitabu, akatoka mbio.

Nilikaa pale peke yangu nikidhani nimeshaharibu. Mara mama yake akaingia akihema, kutoka Silanga anakouza mboga, kisu cha kukatia sukuma wiki bado mkononi.

"Ticha, kumbe uko hai? Huyu ameniambia umeaga. Nimeachia majirani kibanda, nikajua nakuja matanga."

Tulicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka, akauliza naenda lini. Nikamwambia muhula ukiisha, baada ya mtihani. Akafuta kisu kwa leso.

"Ni vizuri umesema. Yule mwingine tulijua ameenda siku hakuja."

Atieno alikuwa amesimama nyuma yake. Akaniuliza, "Sasa nitakuwa nasomea nani?"

Ni mama yake aliyejibu. "Unisomee mimi, hapo kwa sukuma. Hizo herufi sizijui, lakini masikio ninayo."

Jana nilipita Silanga makusudi. Nilimsikia Atieno kabla sijamwona. Alikuwa akisoma juu ya kelele za wateja, na alipokwama, muuza makaa wa pembeni akamwambia arudie, kwani alikuwa anafuata hadithi. Sikusimama. Nilienda zangu nikilia kidogo, na sijui kama nililia kwa ajili yake au kwa ajili yako.

Nisalimie shangazi anayekuletea maziwa. Kaka mkubwa mwambie sina kinyongo naye kwa kunificha habari za mgongo wako, ila huo mtungi aubebe yeye mpaka nifike. Wajukuu zako wadogo waambie nawaletea kalamu za rangi.

Mwenye nyumba nimeshampa taarifa kwamba nitahama chumba. Sanduku langu la vitabu nimelipakia kwenye basi leo asubuhi, na litashushwa dukani kwa mjomba. Usilifuate, Mama, wala usijaribu kuliinua. Nimemwomba alifungie pale hadi nije kulibeba mwenyewe.

Binti yako,
Nafula