Waegeshao Ng'ambo ya Reli

Mheshimiwa Mwenyekiti wetu, Bibi Loretta Hodge. Padri Imre, uliyetufungulia mkutano kwa sala. Wazee mliovuka miaka tisini, nami namtaja kwa jina Mzee Orville Stamper, aliyeingia kiwanda cha Rouge mwaka ule Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Wajane wa wenzetu, ambao viti vya mbele ni haki yenu. Nanyi nyote wastaafu wa Ford mlioacha bustani zenu Jumanne hii ya tarehe tisa Juni: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake.

Ajenda ya nne inahusu kibao kilichopo kwenye lango la maegesho yetu, kile kisemacho kwamba gari la kampuni ya kigeni likaegeshwe ng'ambo ya reli. Wapo wanaotaka king'olewe, na wapo walioapa kukilinda. Mwezi uliopita wanaume wawili wenye wajukuu wa chuo kikuu nusura wamwagiane kahawa kwa ajili yake. Mimi, Tibor Halasz, ndiye niliyekipaka rangi kibao hicho kwa mkono wangu. Kwa hiyo nimeomba nafasi, na badala ya hotuba nitawasomea barua tano. Mbili ziliandikwa na binti yangu, Ilona. Ameniruhusu kuzisoma kwa sharti moja, ambalo mtalisikia.

*

Dearborn, Michigan
3 Machi 2015

Mwanangu Ilona,

Salamu nyingi baada ya kimya cha miaka kumi na miwili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Curtis. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri theluji kabla ya redio.

Nakuandikia kwa sababu ya heshima iliyotufikia. Jumamosi tarehe 13 Juni jina letu litawekwa kwenye ukuta wa ukumbi: babu yako Antal, aliyeingia Rouge mwaka 1926, na mimi niliyefunga milango kwenye magari mapya kwa miaka thelathini na minane. Ni familia chache zenye watu wawili kwenye ukuta ule. Desturi inataka mtoto wa familia ndiye avute pazia. Mimi sina mtoto mwingine.

Kutakuwa na kuku wa paprika, na Mzee Orville ameahidi kutohutubia. Ukifika Toledo, liache gari lako hapo ukodi Ford. Hivyo utaegesha mlangoni kama mtu wa nyumbani, na hakuna atakayepata la kusema.

Ni mimi baba yako,
Tibor

*

Marysville, Ohio
21 Machi 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Sisi hatujambo, na Curtis anakupa pole ya goti. Hongera kwa heshima hiyo. Babu angesimama mbele ya ukuta ule akijifanya anatafuta miwani, ili watu wamkute hapo.

Lakini sitakuja, nawe unastahili kuelezwa sababu, kwa kuwa hujawahi kuniuliza.

Januari 2003, baada ya kumzika mama, tulikuja ukumbini kula. Mvua ya barafu ilikuwa ikinyesha. Nilipofika langoni ulikuwa umesimama pale na koti lako jeusi, ukaja ukainama dirishani kwangu. Nilidhani unataka kunibusu. Ukasema, "Ng'ambo ya reli, kama wengine."

Nikakwambia, "Baba, leo ni mama."

Ukasema, "Leo hasa. Watu wote wanatutazama."

Anko Dale, mwenzako wa kiwandani, alikuwa nyuma yako. Akaniuliza, "Ilona, hilo gari lako linakula kwa vijiti kama Wajapani?" Nikamjibu, "Halili kitu, anko, ndiyo maana halijanenepa kama wewe." Mkacheka wote, na mimi nikacheka, kisha nikageuza gari. Gari lile lina jina la Kijapani, lakini liliundwa kiwandani kwetu Ohio, Baba, na watu wa Ohio. Baadhi ya vipimo vya milango yake niliviweka mimi.

Nikaegesha, nikachukua sinia la mikate ya lozi niliyoipika kama alivyoipika mama, nikaanza kurudi kwa miguu. Nilipofika relini likapita treni la mizigo. Mabehewa mia moja na kumi na manne. Niliyahesabu, sikuwa na jambo jingine la kufanya. Likasimama katikati, kisha likaendelea. Nilipoingia ukumbini, sala ilikuwa imekwisha na sahani zimejaa. Sikumwombea mama yangu pamoja na watu waliomjua.

Niliweka sinia mezani nikarudi Ohio. Hukuuliza.

Mwanao,
Ilona

*

Dearborn
9 Aprili 2015

Mwanangu Ilona,

Salamu kwako na kwa Curtis. Goti ni lile lile.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Habari ya treni sikuijua. Nilidhani umekasirika ukabaki garini, nikasema moyoni, huyu ana kichwa cha babu yake, njaa itamleta.

Hata hivyo nataka ukijue kibao kile. Nilikipaka rangi mwaka 1981. Wewe ulikuwa shuleni ukihangaika na hesabu. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kumi na nne zilizoishi kwa Ford. Kufika Krismasi, magari ya kigeni yalikuwa yametunyang'anya wanunuzi, na tisa kati yake zilikuwa na baba aliyeachishwa kazi, akikaa nyumbani mchana. Bela Nemeth alikuwa akitoka kila asubuhi na chakula chake mkononi, akaketi bustanini mpaka saa ya zamu kwisha, ili watoto wake wasijue. Siku moja mtu akaja na gari jipya kutoka ng'ambo ya bahari kwenye mkutano wa hao walioachishwa kazi, akaliegesha mbele ya Bela. Nilikwenda dukani jioni hiyo hiyo nikanunua rangi.

Halafu kuna jina lenyewe. Babu yako alikuwa mtoto kijijini Hungaria aliposikia kwamba mahali paitwapo Michigan kuna mtu anayelipa dola tano kwa siku, kwa saa nane tu. Wazee wakasema ni uongo wa mabaharia. Alipokuja akakuta si uongo. Alikuta kiwanda ambacho mawe ya chuma huingia upande mmoja na gari hutoka upande wa pili likiendeshwa. Alikuwapo mwaka 1941 tulipogoma mpaka kampuni ikakitambua chama chetu cha wafanyakazi, ya mwisho kati ya kampuni tatu kubwa za magari; na miaka mitatu baadaye, kule kwenye kiwanda chetu cha Willow Run, mikono ile ile ilikuwa ikitoa ndege ya vita kila saa. Na juzi tu, mwaka 2009, zile kampuni kubwa mbili nyingine zilipookolewa kwa fedha za serikali, Ford ilisimama bila kuzichukua. Tumechekwa, najua. Tuliwahi kutengeneza Edsel, gari ambalo wanunuzi walilikataa, na mpaka leo kuna watu wanaoniuliza habari zake kanisani kana kwamba niliichora mimi. Lakini mtu akiniuliza mimi ni nani, natamka jina la kampuni kabla ya jina la ukoo.

Kwa hiyo sikuwa nikikufukuza wewe. Nilikuwa nalinda mlango.

Sala niliianzisha mimi. Padri alitaka tusubiri.

Baba yako,
Tibor

*

Marysville
10 Mei 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tuko wazima. Leo ni Siku ya Mama. Nimepeleka maua kwenye kanisa la hapa, kwa kuwa kaburi liko mbali.

Habari ya Bela Nemeth sikuwahi kuisikia. Nilicheza na binti zake miaka yote ile. Asante kwa kuniambia.

Nami nina habari yako. Kampuni yetu ilinunua pikapu mpya ya Ford, ile ya bodi ya alumini inayotoka hapo hapo Dearborn, tukaifungua yote na kuipanga mezani, kama tunavyofanya kwa gari la mshindani tunayemheshimu. Tulikuwa watu thelathini. Mkuu wetu, Bwana Morikawa, ambaye husifu mara moja kwa mwaka, aliuinua mlango kwa mikono miwili akautikisa polepole. Akauliza, "Nani hapa anawajua watu waliofanya hivi?"

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Baba yangu alifunga milango Rouge. Babu yangu kabla yake."

Jirani yangu Stacy akaninong'oneza, "Umekwisha, dada, watakufukuza kama jasusi." Lakini Bwana Morikawa aliuweka mlango chini, akanigeukia, akainama. Akasema mwalimu wake aliyemfundisha kazi alikuwa amejifunza kutoka kwa wahandisi wa Kijapani waliokwenda kuitazama Rouge mwaka 1950, na kwamba walirudi kwao na madaftari yaliyojaa. Kisha akasema, "Basi watu wa nyumba yenu walikuwa walimu wangu, nao hawanijui."

Baba, nina shahada mbili na cheo, lakini sijawahi kusimama wima kama nilivyosimama siku ile.

Kwa hiyo usikiondoe kibao kwa ajili yangu. Mshahara uliokuwa nyuma ya kibao kile ndio ulionisomesha. Lakini sitakodi gari Toledo. Kazi yangu si aibu ya kuficha mjini kwa watu. Nitakuja na gari langu, au sitakuja.

Ukitaka kuwasomea wenzako barua hizi, soma. Ila usiruke mstari, hata ule wa sala.

Mwanao,
Ilona

*

Dearborn
24 Mei 2015

Mwanangu Ilona,

Salamu. Nitakuwa mfupi.

Jana niliendesha gari langu mpaka ng'ambo ya reli, nikaliacha, nikatembea hadi ukumbini. Ilinichukua dakika kumi na nne na mara mbili nilishika uzio. Hakukuwa na mvua, wala sikubeba sinia, wala sikuwa nimetoka kumzika mtu. Dale aliniona kutoka dirishani, akatoka nje akaniuliza, "Tibor, gari limekufa?" Nikamwambia, "Hapana. Mimi nilikuwa nimekosa."



Ulinijia siku ya maziko ya mama yako nami nikakutuma upande wa pili wa treni kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Hiyo haikuwa kulinda mlango. Bela alikuwa amefariki zamani, na wewe hukumnyang'anya mtu kazi. Nilikuwa na majonzi, na kanuni ilikuwa karibu kuliko machozi. Kisha nikaianza sala bila wewe. Naomba unisamehe.

Njoo na gari lako. Ulilete mpaka mlangoni, na vipimo vyake vyote.

Ni mimi,
Baba

*

Hizo ndizo barua, na sikuruka mstari.

Ya mwisho haijajibiwa. Leo ni siku ya kumi na sita. Kila asubuhi mwenye kupeleka barua, kijana wa akina Saad, ananionyesha viganja vitupu kabla sijamuuliza. Sijui kama Ilona atakuja Jumamosi. Sitampigia simu, kwa sababu nimekwisha kusema yangu, na zamu hii ni yake.

Wenzangu, nilipoingia hapa leo, ndugu Dale alinivuta mkono akasema, "Mwombe mwenyekiti ang'oe kile kibao, mzee, yaishe." Namshukuru, lakini sikubali. Kibao kile kiliandikwa mwaka wenye njaa, na walioteseka mwaka ule wana haki ya kukumbukwa. Tukiking'oa kimya kimya, wajukuu wetu watadhani hatukuwa na sababu. Tukikiacha kama kilivyo, watadhani hatukuwa na watoto. Sisi ni watu ambao dunia nzima ilikuja kutazama wanavyofanya kazi. Waliotoka kwetu wametawanyika Ohio, Kentucky na Tennessee, wanatengeneza magari yenye majina mengine, na wengi wao walijifunza ukali wa jicho la fundi kwenye meza zetu za chakula. Mwalimu hamwoni mwanafunzi wake kuwa mwizi kwa kuwa anajua kazi.

Kwa hiyo, Bibi Mwenyekiti, naweka hoja mbele ya mkutano huu, na naomba iandikwe.

Kibao kibaki. Lakini Jumamosi hii, na kila siku tutakapokuwa na wageni wa familia, maegesho ya mlangoni yawe ya wageni, kwa gari lolote walilokuja nalo. Sisi wenye ukumbi, na Ford zetu, tuegeshe ng'ambo ya reli tuje kwa miguu. Asiyeweza kutembea, mwenzake amsukume kwa kiti cha magurudumu. Viwili vipo stoo, nimevitia mafuta. Na treni likipita, Padri, sala isianze mpaka wa mwisho aliyezuiliwa upande wa pili awe ameingia na kuketi. Iwe hivyo Ilona Halasz akija, na iwe hivyo asipokuja.

Mwenye kupinga aseme sasa, nitamsikiliza mpaka mwisho. Wanaounga mkono wasimame. Mimi nimekwisha kusimama.