Batri ya nne

Jumatatu 9 octobre
Kagari ya mutoto wangu Bénite imekataa tena. Bénite alifika tu ku kona ya eucalyptus, pale mulima inaanza, ikasimama. Tuliisukuma, mimi na bamama babili benye walikuwa na mizigo ya kuni. Akafika ku centre de santé saa mbili. Kazi inaanza saa moja! Yeye njo anaandika fiche za bagonjwa, na ni mara ya pili anachelewa. Masœur Rébecca, mukubwa wa pale, hakugombana. Amemupatia wiki hii yote atengeneze. Ariel, mwenzake wa kazi, atakaa ku meza yake. Lakini Jumatatu ijayo saa moja ikipita Bénite hajafika, Ariel atabakia pale.

Bénite iko na miaka makumi mbili na mbili. Miguu ilikufa akiwa mudogo. Ku moto, ile pikipiki, hawezi, miguu haikamate, alishaanguka akaungua na échappement, ile bomba ya moshi. Ku mugongo yangu amekataa. Anasema mutu wa bureau hafike ku kazi amebebwa kama mutoto. Iko na haki. Mais mie, kila asubuhi ninamusindikiza na macho mpaka kona.

Jumanne 10 octobre
Gamaliel amekuya. Ni fundi wa moto na wa panneaux za jua, tunaimba naye ku chorale. Kagari kama hii hajaonaka. Nilimuelezea: parrain wa Bénite, baba yake wa ubatizo, Papa Apollinaire, njo aliitosha Dubai mu container ya nguo. Kule matajiri banaiendeshaka ku majani, bakipiga kamupira na fimbo. Haikunywe essence, mafuta ya gari. Iko na batri ine chini ya kiti, inakula courant tu, umeme wa ku prise ya ukuta.

Mbele ya yeye kufika, nilitosha nyuzi yangu mbili, nikaificha. Niandike hapa, sababu hakuna mwenye anasoma: ile batri ya mwisho, ya nne, ninaifungaka nyuzi kila magaribi courant inapokatika. Inatoa taa ya jikoni na inachaji telefone za majirani. Mu zile tatu sigusake. Niliona ni kama bidon ine za mayi. Ukichota mu moja, zingine hazijui.

Gamaliel alianza na prise. Courant iko. Chargeur sasa — taa nyekundu inapepesa tu, haivume. Akafungua kiti. Vichwa vya batri vimeota unga mweupe. Akaniomba ile bicarbonate ninatiaka mu maharagi, mayi ya moto na brosse ya meno ya zamani. Akasugua, akakaza. Tukachomeka. Bure.

Marie-Jeanne, jirani, alikuwa anaangalia. Akasema kwao Beni banatiaka mayi ya mvua na acide kidogo, inaamuka. Gamaliel akamuuliza kama na bajukuu yake anabanywesha vile. Tulicheka.

Jumatano 11 octobre
Amerudi na mayi ya batri, yenye haina kitu ndani. Mayi ya robinet, ya bomba, hapana, inaua. Akajaza kila shimo mpaka vyuma vikafunikwa, asipitishe. Akapima na kipimo chake. Ya kwanza volt kumi na mbili na kidogo. Ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Ya nne: tisa!

Anasema chargeur inazihesabu zote pamoja. Ikikuta jumla iko chini, inawaza hakuna batri, inakataa.

— Ni kama batu bane banabeba sanduku ya maiti, akasema. Mumoja akipiga magoti, hakuna mwenye anafika ku makaburi.

Kisha akauliza nani anakunywa mu hii moja. Nikamumiminia chai ingine. Bénite alikuwa pale, anajua nyuzi, yeye mwenyewe anasomaka na ile taa. Akaangalia mikono yake. Aliniachia haya yangu, niseme mwenyewe.

Sababu yangu ni Marie-Jeanne. Mutoto wake Josaphat analima kakao upande wa Oicha, kwenye bauaji banavamiaka mashamba. Kila magaribi anapiga telefone aseme amerudi toka shamba. Siku telefone imekufa, mama ule hakule. Nitamwambia nini?

Alhamisi 12 octobre
Nilienda ku atelier ya Gamaliel, nikasema yote. Tangu Pasaka, nikasema. Hakunigombeza. Aliweka clé, spana yake, chini.

— Mama Bénite, siku mbili ninatafuta mwizi, na mwizi ananipatia chai!

Amebeba batri ya nne kwake aichaji peke yake, polepole. Ikifika sawa na wenzake njo atairudisha.

Marie-Jeanne nilimwambia nyuzi imeisha, sitachaji tena. Akachukua telefone yake, akaenda.

Ijumaa 13 octobre
Ku robinet Marie-Jeanne hakunisalimia. Mvua. Batri ingali kwa Gamaliel. Bénite amepiga pasi blouse ya kazi mara mbili.

Jumamosi 14 octobre
Batri imerudi. Kipimo: kumi na mbili na kidogo, kama zingine. Tukachomeka. Chargeur ikavuma! Bénite alicheka mpaka nikaona meno yake ya nyuma. Wasingya, aksanti, Gamaliel. Anasema inaomba masaa kumi. Masaa ine tu, courant ikakatika. Quartier yote.

Josaphat alipiga ku telefone yangu, anatafuta mama yake. Nilikimbia nayo mu matope. Marie-Jeanne aliongea, akanirudishia, akanipanguzia matope ku kitenge. Basi.

Siku ya Mungu 15 octobre
Courant ilikuya kisha misa. Masaa matatu, ikaenda. Gamaliel alipima, akakuna kichwa. Anasema pengine itapanda mulima mpaka ku centre de santé. Ya nne imeumia, haitakuwa tena kama zamani. Inaweza kupanda kesho, ikakataa Jumanne. Tungoje Papa Apollinaire alete ingine. Akamufundisha Bénite: sukuma polepole ile chuma ya mukono yenye inakanyaga ku nafasi ya muguu, ikisimama uiache dakika kumi, hapana kuilazimisha.

Nikasema nitafuata nyuma na bamama babili, kama itakufa tutasukuma. Bénite akakataa.

— Mama, ukinifuata, miye mwenyewe nitawaza haitapanda.

Jumatatu 16 octobre
Saa kumi na mbili na nusu alitoka. Ukungu mingi, baridi. Alinipungia mukono, hakugeuka. Kisha kona ya eucalyptus simuone tena.

Ninaandika ku mulango. Ingekuwa moto ningesikia kama inapanda ao imezima. Hii haina sauti. Ikitembea, kimya. Ikikufa, kimya. Mama moja ametoka juu na viazi, nimemuuliza. Anasema hakuangalia, ukungu.

Saa moja kasoro dakika nane. Ikiwa imesimama, ile dakika kumi haitoshe tena.

Nimevaa viatu. Nimevua, alisema nisimufuate. Marie-Jeanne amekuya, ameikala pembeni yangu, ananiuliza ninangoja nini. Nimevaa tena.