Jabera la Kwenye Kopo

Manyatta, Embu
Agosti 1955

Kwako Baba Nyaga,

Sisi tuko, na Nyaga ameng'oka meno ya mbele. Najua barua hii itasomwa na wakubwa wa kambi mlimofungwa kabla yako, kwa hivyo nakuandikia habari za ua.

Lile jabera, ua ulilotoka nalo kwa mzungu wako, bado li hai kwenye kopo lake. Nyumba ya hapa kijijini haina dirisha, nasi tunashinda tukichimba kwa amri handaki la kuzunguka kijiji, basi mama yako ndiye aliyekuwa akilitoa juani asubuhi na kulirudisha kabla ya kafyu. Mwanzoni alilipandishia udongo mpaka shingoni kama viazi, likaanza kuoza katikati. Nilipoufukua alinikasirikia: "Ua gani hili linaogopa udongo?" Lakini tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa akiupangusa udongo shingoni mwa ua kwa kidole, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso.

Siku hizi nalitoa mwenyewe. Mama alishikwa na homa, tukanyimwa ruhusa ya kumtoa kijijini kumpeleka hospitali. Tulimzika Jumamosi.

Lilikuwa limechanua ua moja, jekundu, nami nilikuwa nimekuwekea wewe. Nililikata nikamlaza nalo. Walipoanza kumfukia, mkono wangu ulienda wenyewe kuupangusa ule udongo, wakanishika.

Ni mimi,
Mama Nyaga